Panya, Ini na Chakula: Historia Fupi ya Kinga dhidi ya Sumu ya Parasetamoli

Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi uchunguzi uliofanywa juu ya panya wadogo wa maabara ulivyozaa tiba inayookoa maisha ya watu. Twakusudia pia kuonyesha kwa nini chunguzi nyingine nyingi za namna hiyo hazikuzaa tiba yoyote. Swali letu ni moja: kitu kinachomkinga panya na sumu chawezaje kuwa dawa ya mgonjwa?

Wazo kwamba chakula hulikinga ini ni la zamani kuliko parasetamoli yenyewe madukani. Mwaka 1921 Mwingereza Frederick Gowland Hopkins aliipa jina la glutathioni kemikali yenye salfa aliyoitoa katika hamira na katika nyama. Mwaka 1940 George Whipple na wenzake, katika mji wa Rochester nchini Marekani, walieleza habari za mbwa waliokuwa wamenyimwa protini kwa muda mrefu. Mbwa hao walipovutishwa klorofomu, ini lao liliharibika vibaya. Lakini walipopewa kwanza methionini au sistini, yaani asidi amino zenye salfa, ini lilinusurika. Sababu yake haikujulikana bado.

Parasetamoli ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1955 na Uingereza mwaka 1956. Ilisifiwa kuwa dawa salama ya homa na maumivu, na kwa kipimo cha kawaida sifa hiyo ni ya haki. Lakini mwaka 1966 Davidson na Eastham walitangaza katika jarida la British Medical Journal habari za wagonjwa waliomeza vidonge vingi mno kwa mara moja, kisha ini lao likafa. Mwaka huohuo ilionekana kwamba hata panya wakubwa hupatwa na madhara hayo.

Jibu lilitoka Bethesda, Marekani, mwaka 1973, katika mfululizo wa makala ya Mitchell, Jollow, Gillette, Brodie na wenzao. Walionyesha kwamba sehemu kubwa ya dawa hii hugeuzwa na ini kuwa vitu visivyodhuru, navyo hutoka katika mkojo. Sehemu ndogo hugeuzwa na vimeng'enya kuwa kitu kikali sana. Glutathioni hukishika kitu hicho na kukizima. Dozi ikizidi, akiba ya glutathioni hupungua. Ikiisha kupungua kwa kiasi cha asilimia 70 hivi, kitu kile kikali hujibandika kwenye protini za seli, na seli hufa. Panya waliopunguziwa glutathioni kwa makusudi waliumia zaidi. Waliotangulia kupewa sisteini walikingwa.

Hapo ugunduzi wa Whipple ukapata maana. Glutathioni hujengwa kwa asidi amino tatu, na sisteini ndiyo ipatikanayo kwa shida katika mwili. Asili yake ni protini tunayokula. Ndiyo maana panya aliyelala njaa huwa na akiba ndogo, na wachunguzi wengi huwanyima panya chakula usiku kucha ili sumu iwapate upesi.

Kutoka panya hadi mgonjwa palikuwa na hatua nyingine, nayo ilikuwa ngumu. Panya wa Bethesda walikingwa kabla ya sumu, lakini mgonjwa hufika hospitalini akiwa ameshameza vidonge. Huko Edinburgh, Laurie Prescott na wenzake walijaribu sisteamini mwaka 1974. Ilisaidia, lakini iliwatapisha wagonjwa na kuwadhoofisha. Mwaka 1977 waligeukia asetilisisteini, dawa iliyokuwa ikitumiwa kulainisha makohozi. Mwaka 1979 walitoa matokeo ya wagonjwa 100. Kati ya 62 waliotibiwa kabla ya saa 10 kupita, mmoja tu alipata madhara makubwa ya ini. Kati ya wagonjwa 57 wa zamani ambao hawakupewa dawa hiyo, walioumia hivyo walikuwa 33. Leo asetilisisteini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Tangu hapo panya aliyepewa parasetamoli amekuwa kipimo cha majani, mizizi na viungo vya kila namna. Kitunguu saumu ni mfano mwema: mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba humkinga panya. Lakini humkinga hasa kwa kuvizuia vimeng'enya visitengeneze kile kitu kikali. Kinga ya namna hiyo humfaa aliyeipata mapema. Mgonjwa ambaye sumu yake imekwisha kutengenezwa haimfai kitu. Mwaka 2013 Hartmut Jaeschke na wenzake walitoa onyo zito zaidi: hata kimiminika kinachotumiwa kuyeyushia dondoo za mimea, kama vile DMSO, chaweza chenyewe kuvizuia vimeng'enya. Basi mchunguzi aweza kuusifu mti kwa kazi iliyofanywa na kiyeyushio.

Onyo hili latuhusu, kwa kuwa wanafunzi wetu wanaochunguza dawa za kienyeji ni wengi. Mwenye kuandika kwamba jani fulani limemkinga panya na aseme pia kama lilitolewa kabla ya sumu au baada yake, panya alikuwa amekula au ana njaa, na kundi la kulinganisha lilipewa kiyeyushio kilekile au la.

Upande wa chakula nao watuhusu kwa karibu. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa konzo uliopoozesha miguu ya watu wa Kwango. Ugonjwa huo umehusishwa na mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, pamoja na upungufu wa asidi amino zenye salfa, kwa maana mwili huzitumia kuigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na ukali. Sumu ni nyingine, na kiungo kinachoumia ni kingine, lakini akiba inayotumika ni ya jamii moja. Kwa hiyo anayeishi kwa bukari ya mihogo, bila samaki wala mayai, humaliza salfa yake kila siku kwa kuizima sianidi. Panya wa maabara hunyimwa chakula usiku mmoja tu, kisha hupewa tena.