Fahamu jinsi mtandao unavyojitafutia njia mkongo unapokatika

Uganda haina pwani. Sehemu kubwa ya data inayotoka Mbale kwenda ng'ambo husafiri nchi kavu hadi mpakani, kisha huvuka Kenya mpaka Mombasa. Huko ndiko mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilikoanza kazi mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010.

Ndani ya nchi, Mkongo wa Taifa unaosimamiwa na mamlaka ya NITA-U umeunganisha Kampala na Jinja, Tororo, Mbale, Kumi, Soroti na Lira, pamoja na miji ya mpakani ya Busia na Malaba. Waya mmoja ukikatika, nani huamua data ipite wapi?

Ruta ya ukingoni

Ruta ni kifaa kinachopokea data na kuielekeza mbele. Ruta ya ukingoni hukaa pale mtandao wa kampuni unapokutana na wateja wake, kama vile hospitali, benki au chuo kikuu.

Kwa kawaida ruta hufuata njia fupi kuliko zote, mara nyingi kwa kutumia kanuni ya hesabu ambayo Mholanzi Edsger Dijkstra aliichapisha mwaka 1959. Kasoro yake ni kwamba njia fupi ikijaa, data huendelea kusongamana humo ilhali njia ndefu ina nafasi. Wahandisi wanaweza kupanga njia nyingine kwa mkono, lakini kazi hiyo huchukua muda.

Kikokotozi cha njia

Mwaka 2006, IETF, jumuiya ya kimataifa inayoandaa kanuni za kiufundi za intaneti, ilichapisha muundo wa kikokotozi cha njia, kwa kifupi PCE. Mwaka 2009 ikaongeza PCEP, itifaki ambayo ruta hutumia kuwasiliana nacho.

Ruta hutuma ombi: inahitaji njia ya kwenda Kampala, yenye nafasi ya kiasi fulani, isiyopita mahali fulani. Kikokotozi, chenye ramani ya mtandao, hupiga hesabu na kurudisha orodha ya vituo vya kupitia. Ruta hufungua njia hiyo bila kumsubiri mhandisi.

Tuseme katapila la barabara limekata waya kati ya Mbale na Tororo. Data inaweza kuzungushwa kaskazini kupitia Kumi, Soroti na Lira. Ikihamishwa yote kwa pamoja, njia hiyo nayo hujaa. Kwa hiyo mfumo unaweza kuagizwa kutanguliza mawasiliano ya hospitali na malipo ya fedha, huku video zikisubiri.

Mashine hujua inachoambiwa

Njia mbili kwenye ramani zinaweza kuwa zimefukiwa katika mtaro mmoja au kupita daraja moja. Wahandisi huzipa njia za aina hiyo namba moja ya hatari ya pamoja, ili kikokotozi kisiifanye moja kuwa akiba ya nyingine. Namba hiyo isipoingizwa, mashine haina namna ya kuligundua tatizo.

Hatari hiyo ni ya kweli. Mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale na kuua watu. Maji ya aina hiyo huweza kuharibu kila kilichofukiwa kando ya barabara. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika siku moja baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo.

Kwa hiyo, taasisi ya Mbale au Jinja inayonunua huduma ya intaneti yenye njia ya akiba haina budi kumuuliza mtoa huduma: njia hiyo ya pili inapita wapi hasa, na je, ni wapi inapokutana na ile ya kwanza?