Jina la Duka Katika Mnada wa Maneno

Msikilizaji, mtu anayeandika jina la duka kwenye ukurasa wa Google huwa amekwisha kuamua anakotaka kwenda. Hata hivyo, juu ya majibu anayoletewa, huenda akakutana kwanza na tangazo la duka jingine, ambalo limelipa fedha ili lijitokeze kila jina lile linapoandikwa. Je, sheria yamruhusu mfanyabiashara kulitumia jina la mshindani wake kwa namna hiyo?

Google ilianzisha huduma yake ya matangazo, AdWords, mwezi Oktoba mwaka 2000. Kwa utaratibu uliokuja kuzoeleka, mfanyabiashara huchagua maneno, hutaja bei aliyo tayari kutoa, na hulipa pale tu mtu anapolibofya tangazo lake. Katika mnada huo "mkoba" ni neno, na jina la mtengenezaji wa mikoba nalo ni neno.

Mwaka 2003 kampuni ya Louis Vuitton ya Ufaransa iligundua kwamba jina lake lilipoandikwa, yalijitokeza matangazo ya wauzaji wa bidhaa bandia. Mahakama za Paris ziliitia Google hatiani mwaka 2005, na tena kwenye rufaa mwaka 2006. Lakini Machi 23, 2010, Mahakama ya Sheria ya Ulaya mjini Luxembourg iliamua vingine. Ilisema anayeitumia alama ya biashara ni mwenye tangazo, si Google inayolihifadhi neno na kulionyesha tangazo. Mwenye tangazo naye hukosea iwapo mtumiaji wa kawaida wa intaneti hawezi kutambua, au atatambua kwa taabu, bidhaa zatoka kwa nani. Septemba mwaka huo Google ikalegeza masharti yake katika nchi nyingi za Ulaya.

Kesi ya mikoba haikuwasumbua watu sana, kwani ni nani atakayemtetea muuza bandia? Iliyotatiza zaidi ilikuwa ya maua.

Google ilikuwa imekwisha kulegeza masharti nchini Uingereza mwezi Mei mwaka 2008, na kampuni ya Marks & Spencer, ambayo nayo huuza maua halali kabisa, ikalinunua neno "Interflora". Sasa Interflora si duka moja. Ni mtandao wa wauza maua wengi, kila mmoja na jina lake. Mteja huagiza mji mmoja, na shada likapelekwa na mwanachama wa mji mwingine. Mteja akiliona tangazo la Marks & Spencer, atajuaje kwamba hiyo si mwanachama mmojawapo? Hapo ndipo hoja ya Interflora ilipopata nguvu, na mwandishi wa makala haya anakiri kwamba naye angeweza kukosea.

Mahakama ya Luxembourg ilitoa mwongozo Septemba 2011. Mwaka 2013 Mahakama Kuu mjini London iliipa Interflora ushindi, lakini mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa iliutengua na kuagiza kesi isikilizwe upya. Miongoni mwa makosa iliyoyataja, jaji alikuwa ameitwika Marks & Spencer mzigo wa kuthibitisha kwamba tangazo lake lilieleweka. Mzigo huo, ilisema, ni wa mwenye jina. Wenye majina wengi, wasiotaka kungoja mahakama, huingia mnadani wenyewe na kuyalipia majina yao.