Shule ndogo kwa watoto wadogo: tunakotoka nayo



Katika mkutano uliopita swali moja lilirudi mara tatu: kwa nini pesa ya mutualite iende kwa kashule ka vyumba vitatu kule juu Kadutu, wakati tungeweza kuongeza jengo kwenye shule kubwa yenye direkta na mabati mapya? Swali ni la haki. Sisi tunaofanya kazi ku tereni tuliomba nafasi ya kulijibu hapa, kwa kurudi nyuma kidogo, juu mambo haya hayakuanza jana.

Shule za kwanza za huku kwetu zilikuwa ndogo. Mababa Weupe walifika Nyangezi mwaka 1906. Wapentekoste kutoka Sweden na Norway walifika upande wa Uvira na Kaziba kuanzia 1921. Kuzunguka misioni zilichipuka shule za vijijini: chumba kimoja cha miti na udongo, katekista mmoja, na watoto wa vijiji viwili vitatu. Katika mpango wa Wabelgiji wa 1929 hizo zilikuwa shule za daraja la kwanza. Mtoto alisoma miaka miwili kwa lugha ya nyumbani: kusoma, kuandika, hesabu, na shamba, sana shamba. Daraja la pili, miaka mitatu, lilikuwa kwenye misioni yenyewe.

Tuseme ukweli: wakoloni hawakuzifanya ndogo kwa kumpenda mtoto. Zilikuwa ndogo juu zilikuwa za bei rahisi. Hata hivyo kulikuwa na kitu ndani yake. Mwalimu alikaa kijijini. Mtoto akikosa siku mbili, mwalimu alipita nyumbani jioni na kuuliza. Ubaya wake ulikuja mwisho wa mwaka wa pili. Misioni iko mbali, mlima juu ya mlima. Kijana mwenye mjomba karibu na misioni aliendelea, msichana alirudi kubeba maji. Kosa halikuwa udogo wa shule. Kosa ni kwamba njia ilikatikia pale.

Baadaye mji ukakua, na shule zikawa kubwa. Mwisho wa 1974 Mobutu alichukua shule zote zikawa za serikali, na mwaka 1977 akarudisha uongozi wake kwa makanisa kwa mkataba. Ndiyo sababu mpaka leo tunasema «konvansione». Toka mwanzo wa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ulipopotea, wazazi ndio waliobeba mzigo. Asiye na pesa, mtoto anafukuzwa katikati ya mwezi, tena mbele ya wenzake.

Halafu ikaja 1996, na wengi wetu tukavuka Ziwa Tanganyika. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwezi wa 11 mwaka huo huo. Wanaosoma gazeti hili na waliishi kule wanakumbuka kabisa: kabla ya ubao kulikuwa na mti, na kabla ya mshahara kulikuwa na mkimbizi aliyekuwa mwalimu Fizi au Uvira, akaanza kukusanya watoto kwa programu ya Kongo, kwa Kifaransa, ili siku ya kurudi wasipotee. Watoto walizidi, masomo yakawa kwa zamu, asubuhi na mchana. Lakini ule mwanzo wa chini ya mti, watoto wachache na mtu anayewajua, ndio wazee wanaousimulia mpaka leo.

Kurudi kwa mashua kutoka Kigoma hadi Baraka kulianza mwezi wa 10 mwaka 2005. Wengine hatukubaki Fizi, juu ya usalama, tukapanda hadi Bukavu. Na Bukavu tukakuta nini? Katiba ya 2006 ilisema shule ya msingi ni ya bure, lakini tuliendelea kulipa miaka kumi na tatu. Bure ilipofika kweli, mwezi wa 9 mwaka 2019, tulishangilia, na hatujutii. Watoto waliokuwa wanauza karanga barabarani waliingia kalasi. Ila kalasi hazikuongezeka. Katika shule moja ya mji tulihesabu watoto wa mwaka wa kwanza, tukaacha tulipofika mia. Wanne kwenye dawati, wengine chini. Mama mmoja, mwanachama wetu, alituambia: «Mutoto wangu alisoma mwaka muzima, mwalimu hajue jina yake.»

Kwa wale wanaopenda ushahidi wa watafiti: katika jimbo la Tennessee, Marekani, kuanzia 1985, watoto zaidi ya 11,000 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine kalasi za watoto 13 hadi 17, wengine 22 hadi 25. Wa kalasi ndogo walisoma vizuri zaidi, na waliopata faida zaidi ni wa familia maskini. Kule 25 ni kalasi kubwa! Sisi tunacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Kashule ketu kana watoto wa mwaka wa kwanza hadi wa tatu tu. Wanashuka kwa miguu yao, hawavuki barabara kubwa, na mvua ikitelemsha udongo hawana mlima mrefu wa kupanda. Walimu watatu wanajua nani amelala njaa. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi Nyarugusu.

Hofu yetu ni ile ya 1929: njia kukatikia mwaka wa tatu. Kwa hiyo tumeandikiana na shule kubwa ya karibu iwapokee watoto wetu mwaka wa nne, na direkta wake amekubali, kwa sharti tumletee madawati kumi kila mwaka. Walimu wetu bado ni N.U., serikali haijaanza kuwalipa. Dosie yao iko Divisheni. Tukisubiri jibu, prime yao inatoka kwenye mchango wenu.

Pesa iliyopo inafika mwisho wa muhula huu. Kura ni kwenye mkutano mkuu ujao. Mwenye kutaka kwanza kuona vyumba hivyo, aje asubuhi, tutamupeleka.