Mto Soni na Majitaka ya Mji Wetu

Ndugu wana-Mombo, mlioko nyumbani na sisi tulioko mijini,

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905. Kabla haijasogezwa hadi Moshi, ilikofika mwaka 1911, hapa kwetu palikuwa mwisho wa safari: abiria na mizigo ya Lushoto, enzi hizo Wilhelmstal, vilishuka hapa ndipo vipande milimani. Stesheni ikaukuza mji, na njia panda ya Lushoto ikaendelea kuukuza hata treni ilipopungua.

Mji wa namna hiyo uliishi kwa choo cha shimo. Kikijaa, kinafukiwa na kingine kinachimbwa, maana nafasi ipo. Leo nafasi haipo. Nyumba zimesogeleana, kuna gesti na hoteli za wasafiri, na wenye uwezo wamejenga makaro. Karo likijaa linaitiwa gari la kunyonya. Swali ambalo wengi wetu hatuulizi ni gari hilo likishajaa linakwenda kumwaga wapi.

Soni unatoka milimani, unaporomoka pale Soni penyewe, unafika kwetu, kisha maji yake yanaingia Mkomazi na Mkomazi unaingia Pangani. (Ya wenzetu wa juu tunayapokea sisi, lakini hilo tuwaachie wao kwanza.) Uchafu wa mji hufuata mteremko, na bondeni ndiko kwenye mpunga. Mkulima wa mpunga anaingia majini pekupeku. Kwenye vitabu vya mwenye karo, kumwaga ovyo hakuna gharama. Mimi kama mhasibu nasema gharama ipo, ila imeandikwa kwenye daftari la huyo mkulima: minyoo, kuhara, siku za kazi zilizopotea.

Moshi, mji ulio kwenye bonde hilohilo la Pangani, ulichukua njia nyingine. Majitaka ya mabomba yake yanapelekwa Mabogini, kusini mwa mji, kwenye mabwawa. Bwawa la kwanza katika mfumo wa aina hii huwa na kina kirefu: tope linazama na vijidudu visivyohitaji hewa vinalila. La pili lina kina kifupi zaidi, mwani unaota na kuyapa maji hewa. Ya mwisho ni mapana na mafupi, na humo jua linaua vimelea huku mayai ya minyoo yakizama chini. Kazi hiyo inachukua siku nyingi, pengine wiki kadhaa, lakini haihitaji umeme. Wakulima wa Mabogini wameyatumia maji yanayotoka huko kumwagilia mpunga.

Sisi hatuna mabomba ya majitaka, hivyo hatua yetu ya kwanza ni ndogo kuliko ya Moshi: vitanda vya mchanga na changarawe vya kukaushia tope la magari, na mabwawa machache ya kutibu maji yanayochujika. Kinacholiwa sana ni ardhi. Iwe chini ya mji, mbali na makazi, na nje ya zile mita 60 za kando ya mto zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Ardhi hiyo bado inapatikana. Viwanja vikiendelea kuuzwa kama sasa, haitapatikana.

Kuna jambo wazee wa Usambara wanalikumbuka. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa kulima matuta kwenye miteremko, udongo usisombwe. Lengo lenyewe halikuwa baya, na Wasambaa wana msemo wao wa kuiponya nchi, kuzifya shi. Lakini kazi yote ilimwangukia mwenye kishamba kidogo, bila kuulizwa. Watu wakagoma, na mpango ukafa kabla ya uhuru.

Kwa hiyo, kwa mkutano wa mwaka huu, naomba sehemu ya michango itengwe kwa ajili ya kutafuta na kupima eneo hilo pamoja na mamlaka ya mji mdogo. Wakulima wa mpunga waitwe tangu kikao cha kwanza, kabla mchoro haujachorwa, kwa kuwa maji yatakayotoka humo yatawafikia wao.