Kabla ya Darasa Kulikuwa na Akazehe

Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alizunguka Burundi akirekodi muziki wa wenyeji, na mwaka uliofuata kampuni ya Ocora ya Ufaransa ikautoa kwenye santuri. Wapiga ngoma wa jadi walikuwemo, na mwimbaji wa inanga anayenong'ona maneno huku vidole vikitembea juu ya nyuzi. Walikuwemo pia wasichana wakiimba akazehe, mara binti mmoja peke yake, mara mabinti wawili pamoja.

Ngoma ndizo zilizosafiri. Mwaka 1971 zilichanganywa na ala za kizungu huko Ufaransa, wimbo ukauzwa kwa jina la “Burundi Black”. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada alizitumia kubeba wimbo wake “The Jungle Line”, na kufikia 1980 bendi ya Adam and the Ants ya Uingereza ilikuwa imejijengea jina kwa mdundo wa namna hiyo. Mwaka 1982 wapiga ngoma wa Burundi wenyewe walipanda jukwaani kwenye tamasha la kwanza la WOMAD, nchini Uingereza. Wale mabinti hawakupata safari kama hiyo, ingawa walichokiimba kilikuwa kigumu na kizuri vilevile.

Akazehe ni maamkizi ya kuimbwa, na ni ya wanawake na wasichana tu. Hayana ala yoyote. Wawili wanapokutana, mmoja huanza na mwenzake hupokea. Kwa Kirundi sehemu hizo huitwa gutera na kwakira. Anayepokea hangoji mwenzake amalize. Huingiza sauti yake kwenye mianya ya sauti ya kwanza, silabi hapa, silabi pale, kwa kasi inayomfanya msikilizaji ashindwe kujua nani anasema nini, mpaka wote wawili watue mahali pamoja. Mwalimu yeyote wa kwaya atakwambia kwamba kuimba kwa kupishana hivyo ni kazi ngumu kuliko kuimba sauti nne zinazokwenda sambamba, kwa kuwa kila mwimbaji lazima ajue mapigo ya mwenzake sawasawa na yake. Sehemu nyingine za nchi huyaita agocoya, akahibongozo au ukubikira, na mtafiti Mwitaliano Serena Facci ametumia miaka mingi kuyachunguza.

Ufundi huu ulifundishwa nyumbani, na walimu walikuwa mama, shangazi na bibi. Binti aliyejua kuamkia vizuri alionekana amelelewa. Palikuwa pia na ubuhuha, ambapo mwanamke hukunja viganja vyake viwili na kupuliza ndani yake, akapata sauti kama ya filimbi ya udongo. Hiyo nayo imo kwenye santuri ya Vuylsteke. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba elimu ya muziki kwa wasichana wa Burundi ilikuja na ubao na chaki. Ilikuwepo, ilikuwa na ngazi zake za ustadi, na ilikuwa na hadhira yake: wageni, majirani, harusi.

Shule ilipokuja, ilikuja na kanisa. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka uliofuata, na baadaye utawala wa Ubelgiji ukaiacha elimu karibu yote mikononi mwa wamisionari. Muziki wa shule ukawa muziki wa ibada. Hapa pana jambo ambalo halitajwi mara nyingi. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alitoa waraka juu ya muziki wa kanisa uliosema kwamba wanakwaya wanashika huduma ya liturujia, na kwa sababu hiyo wanawake hawafai kuwemo. Zikihitajika sauti za juu, waimbe wavulana. Ni mwaka 1955 tu ndipo Papa Pius wa Kumi na Mbili aliporuhusu rasmi kwaya zenye wanawake na wasichana pale ambapo wavulana hawapatikani, tena wakae nje ya eneo la altare.

Kwaya mashuhuri kuliko zote katika makoloni ya Ubelgiji inaonyesha jinsi hali ilivyokuwa. Les Troubadours du Roi Baudouin, iliyoundwa na Padri Guido Haazen huko Kamina, Kongo, na kupelekwa Ulaya mwaka 1958 na Missa Luba yake, ilikuwa ya wavulana wapatao 45 na walimu wao 15. Mlango ulifunguka zaidi mwaka 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipokubali muziki wa asili wa watu katika ibada. Burundi ilikuwa imepata uhuru mwaka mmoja kabla, na Usumbura ikawa Bujumbura.

Katika mji huo mpya ndipo alipokulia Khadja Nin, aliyezaliwa mwaka 1959, kitinda mimba wa watoto wanane. Akiwa na miaka saba tu alikuwa mwimbaji mkuu wa kwaya ya Bujumbura iliyokuwa na sifa kubwa. Mtoto wa kike mbele ya kwaya, katikati ya miaka ya 1960: kizazi kimoja nyuma, jambo hilo lingekwenda kinyume na waraka wa Roma. Mwaka 1975 alihamia Zaire, kisha 1980 Ubelgiji, na mwaka 1996 akatoa albamu ya Sambolera, ambayo sehemu yake kubwa aliiimba kwa Kiswahili, lugha ya mtaa wa Buyenzi na ya soko la Bujumbura. Alipata jina Ulaya. Inafaa kukumbuka kwamba malezi yake ya kwanza ya sauti aliyapata mjini kwao.

Ngoma ni habari nyingine. Katika ufalme wa Burundi ngoma ilikuwa alama ya enzi, na Karyenda, ngoma takatifu, ilikuwa na mwanamwali wake, Mukakaryenda, aliyehesabiwa kuwa mke wake na aliyekaa akiitunza. Alikuwa karibu nayo kuliko watu wengi wa utawala, lakini kuipiga haikuwa kazi yake. Ufalme ulifutwa mwaka 1966. Ngoma zikatoka kwenye kasri zikaingia viwanja vya mpira, harusi za mjini na viwanja vya shule, na katika miongo iliyofuata wanawake na wasichana wakaanza kuzishika.

Mwaka 2014 UNESCO iliiandikisha ngoma ya kifalme ya Burundi kuwa urithi wa binadamu wote. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, Rais Pierre Nkurunziza alitia saini amri iliyokataza watu wa jinsia ya kike kupiga ngoma. Waliruhusiwa kucheza dansi za kike zinazoambatana na ngoma. Amri hiyohiyo ilitaka kila onyesho lisilo la serikali liwe na kibali cha wizara, na ikaweka ada ya faranga 500,000. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuilinda mila. Ni hoja nzito, kwa kuwa ngoma imeuzwa ovyo kwa muda mrefu. Lakini mila hiyo ilikwisha kuachana na kasri nusu karne kabla, na wasichana hawakuwa ndio walioiuza.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikwenda njia nyingine. Huko Butare, Rwanda, mwandishi wa tamthilia Odile Gakire Katese aliunda mwaka 2004 kikundi cha Ingoma Nshya, cha wanawake pekee, katika nchi ambako kupiga ngoma nako kulikuwa kwa wanaume. Walialikwa kupiga nchi za mbali.

Akazehe, kwa upande wake, imekuwa ikififia tangu nusu ya pili ya karne iliyopita. Binti anayelala bwenini muhula mzima hukosa jioni za bibi yake, na darasani hakuna aliyechukua nafasi ya bibi. Hata hivyo rekodi za 1967 zipo, utafiti wa Facci upo, na vijijini bado wapo wanawake wanaoijua. Amri ya 2017 haiigusi, kwani ngoma haimo. Shule yoyote ya wasichana ya Bujumbura inaweza kumwalika mmoja wa wanawake hao mara moja kwa wiki, na siku ya wazazi ikawapandisha jukwaani wanafunzi wawili wawili, kabla kwaya haijaanza.