Njiwa Walikufa Kwanza

Mwaka wa 1981, katika wilaya ya Machakos ya wakati huo, njiwa walianza kufa kwa wingi. Baadaye wakafuata mbwa. Halafu watu. Kati ya Machi na Juni, hospitali tatu za wilaya hiyo zililaza wagonjwa 20 ambao maini yao yalikuwa yameharibika ghafla. Mdogo kabisa alikuwa na miaka miwili na nusu, mkubwa 45. Wagonjwa 12 kati yao walifariki, wengine siku moja tu baada ya kulazwa.

Watafiti walienda manyumbani kuangalia watu walikuwa wanakula nini. Katika familia mbili zilizoumia zaidi walikuta mahindi yenye sumu ya ukungu: mikrogramu 12,000 kwa kila kilo nyumba moja, na 3,200 nyumba ya pili. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya leo ni mikrogramu 10.

Hakuna pombe katika stori hii, na ndiyo sababu naiandika.

Huku mjini, ukisikia mtu anataja ini, jua anaongea kuhusu pombe. Nilikaa chuo kikuu miaka miwili kabla ya kuacha, na mle ndani masomo ya ini niliyapata kila Jumatatu asubuhi: "Msee, ini langu limeomba likizo." Sisemi ni uongo. Pombe nyingi kwa muda mrefu hujaza ini mafuta, kisha hulivimbisha, kisha huliachia makovu yasiyotoka. Shida ni kwamba stori hiyo moja imemeza zingine zote. Imetufanya tuamini kwamba mwenye ini bovu alijitakia.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mweka hazina wa kanisa huko Makueni. Hata soda alikuwa anamaliza nusu. Macho yake yalipogeuka manjano na tumbo likavimba, daktari alisema ni saratani ya ini. Matangani watu walisema ni pombe, eti alikuwa anakunywa kisirisiri. Siku ile mama alikuwa na kazi mbili: kumlilia kaka yake, na kumtetea.

Sasa tuangalie ini lenyewe linafanya nini. Kwa mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, na limejificha chini ya mbavu, upande wa kulia. Kila dakika hupitiwa na kama lita moja na nusu ya damu. Sehemu kubwa ya damu hiyo haitoki moyoni moja kwa moja; inatoka matumboni, ikiwa imebeba kile ulichokula. Ukitaka picha, fikiria mizani ya Mlolongo pale Mombasa Road: lori lazima lipite hapo kwanza ndipo liingie mjini. Ini hupokea sukari na kuiweka akiba. Hutengeneza nyongo ya kusaidia kuyeyusha mafuta, na protini za kugandisha damu ukijikata. Sumu nazo huzibadilisha kwa vimeng'enya vyake, hadi ziwe kitu kinachoweza kutoka kwa mkojo au choo.

Haya yote hufanyika kimya. Ini linaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kabla hujasikia lolote. Tena ni kiungo cha ajabu: likikatwa theluthi mbili, na kilichobaki kiwe kizima, hukua tena hadi kukaribia ukubwa wake wa kawaida. Kiswahili kinaliheshimu. Maneno yanayoumiza kuliko yote tunasema yanakata maini.

Kwa hiyo sumu ya mahindi ililishindaje? Jibu lilianzia mbali na Machakos. Mwaka wa 1960 huko Uingereza, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa bila mtu kujua wanaugua nini. Uchunguzi ulifika kwenye chakula chao, unga wa njugu karanga kutoka Brazil. Hapa Kenya pia, mwaka huo huo, maelfu ya vifaranga wa bata walikufa kwenye shamba la mlowezi mmoja Bonde la Ufa, na lawama ikaangukia njugu zilizokuwa kwenye chakula chao. Ndani ya njugu hizo kulikuwa na kuvu anayeitwa Aspergillus flavus, na kutoka kwa jina lake sumu ikaitwa aflatoksini. Kwa Kiswahili tunaiita sumukuvu.

Wanasayansi walipoifuatilia sumukuvu mwilini waligundua jambo linalokera. Ile aina kali zaidi, B1, inapoingia haijawa hatari kamili. Ini linaipokea kama linavyopokea sumu zingine, linaanza kuibadilisha ili liitoe, na katika kuibadilisha linatengeneza kitu kikali zaidi. Kitu hicho hunasa kwenye chembe za urithi ndani ya seli za ini. Ukila sumukuvu nyingi kwa mpigo, seli hufa kwa wingi na mtu anaweza kufariki kwa siku chache, kama wale wa 1981. Ukila kidogo kidogo kwa miaka, makosa hujikusanya kwenye chembe hizo, na mwisho wake unaweza kuwa saratani. Ini linaumia likiwa kazini.

Ungedhani baada ya 1981 tulijifunza. Njoo sasa 2004. Mashariki mwa Kenya kulikuwa na njaa. Mahindi ya msimu ule yalivunwa karibu Februari, na mvua ikaja mapema isivyo kawaida. Mahindi yakaingia ndani yakiwa na unyevu. Na kwa sababu chakula kilikuwa adimu, watu waliogopa wezi, wakayatoa ghalani na kuyaweka ndani ya nyumba, mahali penye joto na pasipo na hewa ya kutosha. Kuvu huyu hakuhitaji zaidi ya hapo.

Kufikia Julai wagonjwa walikuwa 317. Waliokufa, 125. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Ni mojawapo ya matukio mabaya zaidi ya sumukuvu kwa binadamu kuwahi kurekodiwa popote duniani.

Wizara ya Afya na wataalamu walioalikwa kutoka Marekani walizunguka sokoni wakichukua sampuli. Zaidi ya nusu ya bidhaa za mahindi walizopima, asilimia 55, zilipita kiwango cha wakati huo cha mikrogramu 20. Asilimia 7 zilipita 1,000. Sampuli moja ilikuwa na 46,400. Yaani hili halikuwa tatizo la boma moja lenye ghala chafu. Mahindi yale yalikuwa yameingia sokoni, na wenye njaa walikuwa wanayanunua kwa pesa zao.

Nyanya yangu, susu kama tunavyomwita kwa Kikamba, huongea kuhusu mwaka huo bila kupaza sauti. Anasema ukungu watu waliuona. Walikuwa na macho. Lakini ukiwa na watoto na gunia moja, unachambua punje mbovu, unaosha, unachemsha sana, unaomba Mungu. Ubaya ni kwamba sumukuvu haiogopi sufuria. Moto wa kawaida wa kupika ugali ama githeri hauimalizi. Kukoboa husaidia, kwa sababu sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, kwa hivyo muthokoi huwa na sumu kidogo kuliko mahindi mazima yale yale. Husaidia tu, haifuti. Na kumpa ng'ombe mahindi mabovu ni kuzunguka mbuyu, maana sumu hiyo hurudi kwako ndani ya maziwa.

Utafiti wa 2004 ulionyesha jambo lingine ambalo halikuzungumzwa sana mtaani. Waliougua walikuwa na uwezekano mkubwa kuliko majirani zao wazima wa kuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Virusi hivi ni vya kale, ila tumevijua juzi tu: Baruch Blumberg wa Marekani aliripoti alama yake katika damu mwaka wa 1965, akapata Tuzo ya Nobel 1976, na chanjo ikawa tayari miaka ya themanini. Virusi hupitia damu, ngono, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, na vinaweza kukaa kwa ini miongo kadhaa bila dalili. Mwenye virusi hivi akila sumukuvu miaka yote, hatari ya saratani ya ini hupanda kupita jumla ya hatari zote mbili.

Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hiyo mwishoni mwa 2001, ndani ya ile sindano inayotolewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mimi ni wa 1999. Tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni, na wengi wetu hatujawahi kupimwa, ilhali tunajua kila kitu kuhusu dawa za kutoa hangova.

Usidhani basi kwamba haya ni mambo ya ushago. Novemba 2019, shirika la viwango, KEBS, lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu. Huo ni unga wa pakiti, wa rafu za supermaketi, wenye picha nzuri. Machi 2021 serikali ikazuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, kisha baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti ya vipimo. Mara zote mbili, Nairobi ilipiga kelele wiki moja, ikatengeneza vichekesho, ikaendelea kula.

Dawa ya tatizo hili inajulikana. Mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, kwenye turubai na si kwenye udongo, kisha yakae mahali pakavu, juu ya mbao. Kuna pia ujanja wa kupigana na kuvu kwa kuvu: aina zisizo na sumu za kuvu yule yule hunyunyizwa shambani zichukue nafasi ya zile zenye sumu. Bidhaa hiyo hutengenezwa papa hapa, Katumani, Machakos. Lakini turubai ni pesa, mashine ya kukausha ni pesa, na kipimo cha unyevu si kitu cha kila kijiji. Tunapomwambia mkulima "tunza ini lako", tumwambie pia atakaushia wapi mahindi mvua ikinyesha mwezi wa Februari.

Kwa sisi wa mjini, orodha ni fupi. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kusinyaa, usizile na usimpe mnyama. Njugu yenye ladha chungu, tema. Changanya vyakula, mara wimbi, mara viazi, mara mchele, ili gunia moja baya lisiwe mlo wako wa mwaka mzima. Pombe punguza, hilo ulishaambiwa. Usimeze dawa za maumivu kupita kipimo, kwa maana paracetamol ikizidi inaweza kuua ini lako bila hata tone la pombe. Na nenda ukapimwe homa ya ini B. Ukiwa huna, omba chanjo. Ukiwa nayo, kuna dawa za kuidhibiti, na ni afadhali kujua mapema.

Mimi nilipimwa, nikachanjwa sindano tatu ndani ya miezi sita. Mama pia alikubali kupimwa, baada ya mabishano. Kilichomshinda ni kuwaambia watu wa kanisa la kaka yake kwamba ini linaweza kuumizwa na ugali. Wazee walimsikiliza, wakatikisa vichwa. Kisha mmoja akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna mahali pa kupima gunia lake.