Mafuta Hayapandi Mlima Yenyewe

Katika miaka ya 1910, madereva wengi wa Marekani walipanda vilima vikali kinyumenyume. Gari lao lilikuwa Ford Model T, lililoingia sokoni mwaka 1908, na halikuwa na pampu ya mafuta. Tangi lilikaa chini ya kiti cha mbele, juu kidogo ya kabureta, na petroli ilishuka kwenye bomba kwa uzito wake wenyewe. Barabara ikiwa tambarare, hapakuwa na tatizo. Lakini mlima ulipokuwa mkali na tangi limebaki na mafuta kidogo, pua ya gari iliinuka, kabureta ikawa juu kuliko mafuta, na injini ikazimika katikati ya mlima. Dawa yake ilikuwa kugeuza gari, kuingiza gia ya nyuma na kupanda mkia ukitangulia. Tangi likarudi kuwa juu ya kabureta, na mafuta yakashuka tena.

Magari zaidi ya milioni 15 ya aina hiyo yalitengenezwa hadi mwaka 1927. Kwa hiyo suala la kufikisha mafuta kwenye injini halikuwa la maabara tu, liliwahusu mamilioni ya watu waliokuwa na safari za kufanya. Kila kifaa kipya cha kazi hiyo kilizaliwa kwa sababu kilichotangulia kilikuwa kimeshindwa na mlima, na joto, au na uchafu.

Uchafu ndio uliotangulia kujitokeza. Agosti 1888, Bertha Benz aliondoka Mannheim, Ujerumani, na wanawe wawili, akiendesha gari alilobuni mumewe Karl, hadi Pforzheim, umbali wa kilomita zipatazo 100. Vituo vya mafuta havikuwapo duniani. Mafuta aliyoyahitaji, aina ya petroli nyepesi iliyotumika kusafishia nguo, aliyanunua katika duka la dawa mjini Wiesloch. Njiani bomba la mafuta likaziba. Bertha akachomoa pini ya kofia yake, akalizibua, akaendelea na safari. Kazi ile ya kuzibua njia ya mafuta mafundi wa gereji wanaifanya mpaka leo, kwa vifaa vingine.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1893, Wilhelm Maybach alibuni kabureta inayonyunyiza mafuta kupitia tundu dogo, yakachanganyika na hewa inayovutwa na injini. Ndani yake kulikuwa na kibakuli chenye boya. Mafuta yakijaa, boya huelea na kufunga mlango, na yakipungua, boya hushuka na kuufungua. Kabureta hiyo iliipa injini nguvu zaidi, ila ilikuja na sharti: mafuta yafike kwenye kibakuli muda wote, gari likiwa limeinama au limeinuka. Yakikosekana kwa sekunde chache tu, injini inakohoa na kuzima.

Njia ya kutegemea uzito wa mafuta haijafa. Pikipiki nyingi za bodaboda za Afrika Mashariki zinaitumia hadi leo. Bajaj Boxer yenye kabureta imebeba tangi mapajani mwa dereva, juu ya injini, na chini ya tangi kuna koki. Petroli inashuka yenyewe. Ikipungua na pikipiki ikaanza kusitasita, dereva anainama, anageuza koki upande wa akiba, na anapata kilomita chache za kumfikisha kituoni. Kwa chombo ambacho tangi lake liko juu ya injini siku zote, njia hiyo ni rahisi, haina umeme na haina cha kuharibika.

Gari ni jambo lingine. Wanunuzi walitaka tangi kubwa, tena liwe nyuma, mbali na abiria na mbali na joto la injini. Tangi likikaa nyuma na chini, mafuta hayana budi kupandishwa.

Jaribio la mapema lilikuwa kujaza hewa ndani ya tangi. Katika magari kama Rolls-Royce Silver Ghost, dereva alikuwa na pampu ya mkono. Kabla ya kuwasha gari alipampu hewa ndani ya tangi, na hewa hiyo ikasukuma petroli mbele hadi kwenye kabureta. Mpango huu uliushinda mlima, lakini ulikuwa na hatari yake. Tangi zima na bomba lote vilikuwa chini ya shinikizo, hivyo ufa mdogo ulirusha petroli nje. Kifuniko kikilegea, hewa inatoka na gari linasimama.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1910, kampuni ya Stewart-Warner ya Marekani iliuza kwa wingi kifaa kingine, tangi dogo la kufyonza. Nchini Uingereza kifaa cha aina hiyo kilijulikana kwa jina la Autovac. Kilifungwa mbele, karibu na injini na juu ya kabureta, na kuunganishwa kwa bomba jembamba na mahali injini inapovuta hewa. Mvuto huo ulifyonza petroli kutoka tangi kubwa la nyuma hadi tangi dogo. Likijaa, boya lilikata mvuto, na petroli ikashuka kwenye kabureta kwa uzito wake. Dereva hakulazimika tena kupampu wala kugeuza gari.

Hata hivyo mlima ulirudi kwa mlango wa nyuma. Injini huvuta hewa kwa nguvu pale dereva anapokanyaga mafuta kidogo. Akikanyaga hadi mwisho, kama inavyompasa mtu mwenye mzigo kwenye mwinuko mrefu, mvuto karibu unapotea kabisa. Tangi dogo halijazwi, na mafuta kidogo yaliyomo yanakwisha. Madereva wa zama hizo walijifunza kuachia mafuta kwa muda mfupi katikati ya mlima ili tangi lifyonze, kisha wakanyage tena.

Suluhisho lililodumu lilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya AC Spark Plug ya Marekani ilipoanza kutengeneza kwa wingi pampu ya kiwambo. Pampu hii ilifungwa ubavuni mwa injini. Mhimili unaofungua valvu za injini ulitiwa uvimbe mmoja wa ziada, na kila ulipozunguka, uvimbe huo ulisukuma mkono mdogo wa chuma. Mkono ulivuta kiwambo cha kitambaa maalumu chini, petroli ikaingia kupitia valvu ya kwanza. Kisha springi ilirudisha kiwambo juu, na petroli ikatoka kupitia valvu ya pili kwenda kwenye kabureta.

Uzuri wa pampu hii uko kwenye springi. Kibakuli cha kabureta kikijaa na mlango wake kufungwa, petroli haina pa kwenda, kiwambo kinabaki chini, na mkono unacheza bure bila kusukuma kitu. Kabureta ikihitaji mafuta, springi inayaachia. Pampu ilijipimia kazi yenyewe bila waya na bila dereva kujua. Ndiyo sababu ilitumika kwa zaidi ya nusu karne, kuanzia magari madogo hadi Land Rover Series II zilizozunguka mbuga na mashamba ya Afrika Mashariki. Pampu ya Land Rover hiyo ilikuwa na wenzo mdogo wa kupampu kwa kidole baada ya gari kuishiwa mafuta, na kikombe cha kioo ambamo maji na mchanga vilituama vikaonekana kwa macho.

Uingereza ilikuwa na mshindani wake, pampu ya umeme ya SU, iliyofungwa kwenye magari kama Morris Minor. Sumaku ilivuta kiwambo, vidole vya umeme vikaachana, springi ikakirudisha, na mlio wa taratibu ukasikika kila gari lilipowashwa. Vidole vikiungua, pampu ilinyamaza. Madereva wengi walijua kuigonga kwa spana ili iamke.

Baada ya mlima kushindwa, joto likachukua nafasi yake. Petroli ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 za Selsiasi au hata chini yake. Pampu ya kiwambo imefungwa kwenye injini yenye moto, na kazi yake ni kuvuta. Kimiminika kinachovutwa hupungukiwa na shinikizo, na kadiri shinikizo linavyopungua ndivyo kinavyochemka mapema. Ukipanda nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi, hali huwa mbaya zaidi. Gari likipanda mwinuko mrefu kama wa Kitonga, mkoani Iringa, mchana wa jua, kwa gia ndogo na upepo mdogo, petroli inaweza kugeuka mvuke ndani ya bomba. Pampu iliyoundwa kusukuma kimiminika haiwezi kusukuma mvuke. Dereva wa enzi hizo alisimama kando ya barabara, akafungua boneti, akafunga kitambaa chenye maji kwenye pampu, akasubiri.

Dawa ya kudumu ilikuwa kuacha kuvuta na kuanza kusukuma, yaani pampu ihamie nyuma, karibu na tangi, na mafuta yawekwe chini ya shinikizo njia nzima. Mabadiliko hayo yaliletwa na mfumo wa kupuliza petroli moja kwa moja kwa nozeli bila kabureta. Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 iliutumia ikiwa na pampu ya Bosch. Afrika Mashariki iliuona ukishinda nyumbani: Bert Shankland aliyeishi Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, alitwaa Safari Rally mwaka 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404 yenye mfumo wa kupuliza, kwenye matope, vumbi na miinuko ya eneo hili.

Mifumo hiyo ilikuwa ya mitambo mitupu na ya bei ghali. Mwaka 1967 Bosch ilileta mfumo wa kielektroniki wa D-Jetronic kwenye Volkswagen 1600 zilizopelekwa Marekani, ambako sheria za moshi zilikuwa zinakazwa. Pampu ya umeme ilisukuma petroli kwa bar 2 hivi, transista zikaamua nozeli ifunguke kwa muda gani, na petroli iliyozidi ikarudi tangini kwa bomba la pili. Mzunguko huo uliondoa joto njiani, na tatizo la mvuke likapungua sana. Baadaye wahandisi waliizamisha pampu ndani ya tangi lenyewe. Kwenye Corolla za mitumba kutoka Japani zilizoandikwa EFI nyuma, pampu imo tangini, imezungukwa na petroli. Haiwaki, kwa sababu moto unahitaji hewa ya kutosha, na ndani ya pampu kumejaa petroli. Petroli hiyo hiyo ndiyo inayoipoza na kuilainisha.

Dizeli ilipita njia yake. Injini ya Rudolf Diesel iliyokamilika Augsburg mwaka 1897 ilipuliza mafuta kwa hewa iliyoshindiliwa na kompresa, mtambo mzito usiofaa kwa gari. Mwaka 1922 Robert Bosch aliamua kampuni yake itengeneze pampu ndogo ya dizeli, na mwaka 1927 pampu hizo zikaanza kutoka kiwandani kwa wingi. Ndizo zilizoliwezesha lori la dizeli kuenea duniani. Ndani yake vipistoni vya chuma vinateleza kwenye silinda zake kwa nafasi ya maikroni chache tu, wakati unywele wa binadamu una maikroni 70 hivi. Mafuta yenyewe ndiyo grisi yake. Hewa ikiingia kwenye njia, pampu haipati cha kushindilia. Kila utingo aliyewahi kusafiri na lori la zamani anajua kulegeza nati, kupampu kwa mkono na kutoa upepo mpaka povu liishe.

Hatua ya karibuni zaidi ni reli ya pamoja. Kampuni ya Denso ya Japani iliifunga kwenye malori ya Hino mwaka 1995, na Alfa Romeo 156 ya mwaka 1997 ikaileta kwenye magari madogo. Kwenye Alfa Romeo hiyo pampu moja ilijaza bomba nene shinikizo la bar 1,350, na mifumo ya leo inazidi 2,000. Tairi la gari dogo hujazwa bar 2 tu. Kompyuta inafungua nozeli mara kadhaa katika pigo moja la injini, na dizeli iliyokuwa ikitoa moshi mweusi na kelele imekuwa tulivu na inakula mafuta kidogo.

Kwa usahihi huo, adui aliyebaki ni yule wa Bertha Benz. Chembe ya vumbi ambayo pampu ya Land Rover ingeimeza bila kuhisi inaweza kuharibu nozeli ya leo, na maji yanaitia kutu. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa haina ulaini wa kutosha, hivyo vipistoni vinasagana vikavu. Uchakachuaji huo ulienea kiasi kwamba Tanzania, kupitia mamlaka yake ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa, kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya.

Mwenye gari ana sehemu yake pia. Abadilishe filta kwa wakati, na kwenye dizeli amwage maji yaliyotuama chini yake. Anunue mafuta kwenye kituo anachokiamini na adai risiti. Na asizoee kutembea na taa ya mafuta ikiwaka, kwa maana pampu iliyo ndani ya tangi tupu inakosa cha kuipoza, na kuibadilisha ni ghali kuliko lita chache ambazo angeongeza mapema.